Pumzi ya Mwalimu Shitanda

Kati ya wapiga pembe wote wa Isukha, Beldina angeweza kumtambua mumewe hata akiwa amefumba macho, amegeukia ukuta, na redio inanguruma pembeni. Wengine hupuliza pembe kama watu wanaofukuza ndege shambani, pu, pu, pu, basi. Cornelius Shitanda alikuwa akianza chini, anapanda polepole, anaishikilia sauti kule juu mpaka msikilizaji anaanza kumwonea huruma, halafu mwishoni kabisa sauti inavunjika kidogo, inatetemeka na kukatika. Watu waliipenda ile sehemu ya juu. Beldina alipenda pale inapovunjika, maana alijua ilivunjikia wapi.

Zamani haikuwa ikivunjika. Siku ya kwanza alipoisikia, Beldina alikuwa msichana wa mjini, wa mtaa wa Amalemba, binti wa karani wa serikali, hajui hata kutofautisha fahali na maksai. Rafiki yake alimburuta Jumamosi moja asubuhi mpaka Khayega kutazama ng'ombe wakipigana. Ng'ombe walimtisha, akajificha nyuma ya watu. Ila kulikuwa na hiyo sauti, juu ya ngoma za isukuti na kelele zote, na alipochungulia kuona inatoka wapi, akamwona kijana mwembamba, mashavu yamefura, sigara imechomekwa nyuma ya sikio, anapuliza pembe ya swala huku anakimbia kinyumenyume mbele ya fahali. Mtu mwenye akili zake angemwona mwendawazimu. Beldina alirudi nyumbani akiwa ameshakwisha. Mpaka leo husema alienda kutazama ng'ombe, akarudi na bwana, na akiulizwa kama anajuta hujibu kwamba inategemea na siku.

Uvimbe ulimtokea Cornelius shingoni wakati Mitchel, kifungua mimba wao, anaanza kutambaa. Saratani ya tezi, daktari akasema, na imeshashuka mpaka katikati ya kifua. Akapelekwa Nairobi, akachomwa mionzi kifuani wiki baada ya wiki, akarudi mwepesi hivi kwamba Beldina alimkokota mwenyewe kutoka barabarani hadi nyumbani, mtoto yuko mgongoni. Sigara zilikuwa zimeisha kabla ya safari. Beldina alizitumbukiza chooni pamoja na kiberiti. Daktari aliwaambia wamshukuru Mungu, na mambo ya pembe wayasahau.

Cornelius aliyasahau kwa muda. Kisha asubuhi moja Beldina alikuwa anakamua ng'ombe, akaisikia pembe nyuma ya ghala, inapanda kwa woga, inafika juu, inavunjika. Mwanamume akatoka huko nyuma machozi yanamtiririka.

"Imeharibika, Mama Mitchel. Sauti yangu imeharibika."

Beldina alikuwa ameshamwaga maziwa yote kwa kupiga makofi.

Basi akaishi. Akafundisha uchomeleaji vyuma pale chuo cha ufundi cha Sigalagala mpaka ikawa vigumu kupata geti au tangi la maji katika lokesheni nzima ambalo mshono wake haukufanywa na mwanafunzi wake. Nywele zikawa mvi, akastaafu, akazeeka bila kuomba ruhusa ya mtu. Jumamosi akatembea mbele ya Tingatinga, fahali mweusi wa jirani yake Willis, akipuliza pembe ambayo sauti yake ilivunjika mkiani. Kila mwaka alienda mjini Kakamega kwenye kliniki ya watu waliopona saratani, akapimwa, akaambiwa yuko sawa, akarudi na mkate. Hivyo ndivyo Beldina alivyozoea kwamba mwisho wa kliniki ni mkate.

Mwaka huu Sista Jepkosgei alibadilisha mambo. Huyu ni Mnandi aliyejifunza Kiluhya ili awagombeze wagonjwa kwa lugha yao, na wagonjwa wanampenda kwa hilo.

"Mulembe, Mwalimu. Leo nataka uandikiwe skani ya mapafu."

"Mapafu? Mimi sikohoi, sista. Mtu mgonjwa si anakohoanga?"

"Ndiyo maana nakutuma sasa. Ukingoja kukohoa, tutakuwa tumechelewa." Akavuta kiti, akaketi karibu nao. "Ile mionzi iliyokuponya ilipita kwa hayo mapafu. Ongeza sigara zako za ujana. Ongeza moshi wa kuchomelea. Mtu kama huyo hatumngojeangi augue. Tunamwangalia akiwa mzima. Na hii mashine inatumia mionzi kidogo tu, usiogope."

"Kwa hivyo nilipona hii ndio mnitafutie ingine?"

"Ulipona ndio maana uko na mapafu ya kuangaliwa. Wenzako wengine wako wapi?"

Njia nzima ya kurudi Cornelius alikuwa amenuna, na siku hiyo hata mkate hakununua. Alipoketi mezani alisema kwamba mtu akienda kutafuta ugonjwa lazima ataupata, na kwamba yeye haendi. Beldina alimwacha amalize obusuma, ugali wake. Anamjua: mwanamume huyu habishaniki akiwa na njaa.

"Baba Mitchel," akasema, "ukimaliza kuchomelea tangi, unalifanyianga nini?"

"Nalipima."

"Kwani linavuja?"

"Halivuji. Unalijaza hewa, unapaka sabuni kwa mshono, unaangalia kama kuna povu. Huwezi ukamletea mtu tangi halafu ungojee..." Akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni, na Beldina akamwongezea mchuzi.

Siku ya skani alimngoja kwenye benchi nje ya chumba. Kupitia mlangoni alisikia mashine ikisema kwa sauti yake kavu, vuta pumzi, shikilia. Kisha kimya. Kisha mashine ikasema achilia. Kimya kikaendelea. Mpiga picha, mwanamke mnene mwenye aproni nzito, akatoka mbio kwenye kichumba chake cha kioo.

"Mzee! Mzee, pumua! Tumemaliza!"

"Umemaliza?" ilisikika sauti ya Cornelius, imetulia kabisa. "Mimi nilikuwa bado naweza."

Benchi zima likacheka, na mpiga picha akacheka zaidi, akasema tangu aanze kazi hiyo hajaona mtu anayehitaji kubembelezwa ili apumue. Cornelius alitoka akiwa amevimba kichwa. Mkate ulinunuliwa, na soda juu yake.

Majibu yalimkuta kwenye mashine ya kusagia mahindi, amepanga foleni na wenzake. Kwa sababu ya kelele aliiweka simu kwenye spika. Sista Jepkosgei alimuuliza kwanza kama yuko peke yake, na yeye, asiyependa kumchelewesha mtu mwenye kazi, akasema ndiyo. Mwenye mashine akaizima kwa heshima. Kwa hiyo Mwalimu Shitanda alipoambiwa kwamba kwenye pafu lake la kulia kumeonekana doa dogo, na kwamba aje waongee, aliambiwa mbele ya nusu ya kijiji, kila mtu na debe lake la mahindi.

Kule kliniki, Jepkosgei aliwaeleza taratibu. Doa kama hilo mara nyingi si kitu. Linaweza kuwa kovu. Hawakimbilii kupasua, wanangoja miezi kadhaa, wanapiga picha nyingine, wanalinganisha. Likibaki lilivyo, ni furaha. Likikua, watakuwa wameliwahi likiwa bado dogo, na dogo linatibika.

"Na pembe?" Beldina akauliza, maana aliona mumewe anaogopa kuuliza.

"Apige tu. Doa haliamshwi na pembe."

Kijijini maelezo hayo hayakufika. Lililofika ni lile la mashine ya kusagia, na huwa haliendi tupu, linatiwa chumvi njiani. Jioni ya siku ileile doa lilikuwa kubwa kama ndimu. Kufikia Jumapili lilikuwa limehamia pafu la pili. Watu wakaanza kumsalimia Cornelius kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayesafiri. Tuseme ukweli, sisi watu wa Kakamega hatuwahi mkutano, hatuwahi harusi, wala kanisa, lakini kwa msiba hatujawahi kuchelewa, na wengine hupenda kufika mapema.

Kosa kubwa hata hivyo alilifanya Cornelius mwenyewe. Hakumwamini Jepkosgei. Alijiwekea kichwani kwamba kila akipuliza, lile doa linasikia, linageuka na kuamka. Kwa hiyo siku ya mazoezi aliitundika pembe juu ya mlango wa sebule, akawaambia wenzake wote wa kikundi cha isukuti: mdomo wangu hautaigusa tena hii mpaka nijue. Wakaitikia kwa huzuni. Kikundi chao kina desturi yake ya miaka mingi: mpiga pembe akifariki, mwenzake kutoka kilima cha pili huja akaichukua pembe ya marehemu, akasimama uani kwake na kuipuliza jioni, na kwa hiyo sauti watu hujua, bila kutumwa mtu. Hakuna aliyeitaja desturi hiyo siku ile, lakini kila mtu aliikumbuka.

Miezi ile ilikuwa mibaya. Beldina hakuwa amejua jinsi alivyoipima wiki yake kwa ile pembe mpaka ilipokosekana. Jumamosi zikapoteza asubuhi zake. Cornelius alikaa barazani akilinda kifua chake kama mayai, anaongea chini chini, anapanda ngazi ya mlangoni kwa kupumzika, mtu ambaye alikuwa na afya ya kumkimbiza fahali. Beldina alimkasirikia. Halafu alikuwa akimtazama anavyolala ubavu wa kushoto ili kulipumzisha lile pafu la kulia, hasira inakwisha na hofu inabaki peke yake. Alimpenda sana na hakutaka kumzika, ndivyo ilivyokuwa.

Naye Tingatinga hakusaidia. Alipelekwa uwanjani bila mpiga pembe, akafika katikati, akamtazama mpinzani wake, akainamisha kichwa kana kwamba anashambulia, kumbe ameona nyasi. Akala. Watu wakacheka mpaka ngoma zikanyamaza. Willis alikuja kwa Mwalimu jioni amebeba ingokho, kuku wa kienyeji, kwapani, karibu kulia.

"Mwalimu, piga hata kidogo tu. Hata ukiwa umekaa kwa kiti."

"Willis, umesikia nilivyosema."

"Huyo ng'ombe ananiaibisha. Anakulanga majani mbele ya watu!"

"Acha ale. Mimi na yeye tumestaafu."

Willis aliondoka, ingokho akaiacha. Beldina aliiona hiyo zawadi na moyo ukamlipuka, kwa sababu kuku wa namna hiyo huletewa mgonjwa.

Picha ya pili ikapigwa. Siku ya kwenda kuchukua majibu iliangukia siku ya soko, na Cornelius alisema anaenda peke yake.

"Nenda ukauze mboga zako, Mama Mitchel. Na usinipigie simu. Mambo yangu na simu yaliisha pale kwa mashine. Iwe nzuri iwe mbaya, nitakuambia kwa mdomo wangu."

Beldina alikubali, kisha akajilaumu siku nzima. Aliuza mchicha kwa bei ya kunde na kunde kwa bei ya mchicha. Mteja mmoja alirudishiwa chenji nyingi kuliko alichotoa. Jescah, jirani yake anayeuza vitunguu meza ya pili, mwanamke mwenye sauti nene ambaye ndiye huongoza maombolezo katika kila msiba wa sehemu zile, alikuwa akimtupia macho ya huruma mpaka Beldina akatamani kumrushia kabichi.

Jua lilikuwa limelegea waliposhuka lami na kushika njia ya nyumbani, Beldina, Jescah na wanawake wengine wa soko, vikapu kichwani. Walikuwa wamefika kwenye mto, pale ambapo njia inaanza kupanda, pembe ilipolia.

Ilitoka upande wa nyumbani kwake. Pembe ile ile, hakuna asiyeijua. Jescah alisimama kama aliyegonga ukuta. Kikapu chake kikaanguka, vitunguu vikabingirika hadi majini, akaweka mikono kichwani na kupasua ukemi.

"Woi, Mwalimu! Woi, Mwalimu wetu!"

Kilima kizima kikajibu. Milango ikafunguka, watu wakatoka mbio na majembe mkononi. Ngoma ikaanza kwa akina Willis, nzito, ya msiba, na punde si punde Willis mwenyewe akaonekana ukingoni mwa shamba la miwa akifungua kamba ya Tingatinga, maana marehemu wa heshima huko hukimbiziwa mafahali uani. Wanawake wakamshika Beldina huku na huku. Akakaa chini. Alijua desturi kama wao: yule mtu wa kilima cha pili amekuja, ameichukua pembe mlangoni. Na yeye alikuwa sokoni, anauza mchicha.

"Pole, mama. Jikaze, mama."

Pembe ikalia mara ya pili. Beldina hakutaka kuisikia, lakini masikio hayana kifuniko. Ikaanzia chini. Ikapanda polepole. Ikashikiliwa kule juu, ikashikiliwa, ikashikiliwa, hata akajikuta anaihurumia. Kisha ikavunjika, ikatetemeka, ikakatika.

Akaacha kupumua.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Nyamazeni kidogo!"

Hawakunyamaza, lakini ilipolia mara ya tatu alishajua. Wao walikuwa wanaijua pembe. Yeye aliujua mdomo. Mtu wa kilima cha pili angeweza kuichukua ile pembe na kuipuliza mpaka asubuhi, lakini asingeweza kuivunja pale, kwa namna ile, kwa sababu hakuchomwa mionzi ile, na hakulia nyuma ya ghala. Beldina akaanza kucheka. Alicheka akiwa amekaa chini kwenye vumbi, machozi na kamasi pamoja, na wanawake wakatazamana kwa hofu.

"Amechanganyikiwa," mmoja akanong'ona. "Msishangae, alimpenda sana."

"Ni yeye!" Beldina alisema. "Ni yeye anapiga! Mtu aliyekufa anapiganga pembe?"

Akainuka, akafunga leso kiunoni, akakimbia. Alipanda kilima kile kama msichana wa Amalemba anayemfuata mwendawazimu wa Khayega, na nyuma yake msiba mzima ukamfuata, ngoma, ukemi, matawi ya miti, na Tingatinga ambaye kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa anakimbia mwenyewe, masikio yamesimama, kamba inamburuta Willis.

Cornelius alikuwa amesimama katikati ya ua, koti la kwendea mjini bado mwilini, mkate kwapani, pembe mdomoni. Aliposikia vishindo akageuka. Akaona kijiji kinamiminika getini kwake na matawi na vilio. Pembe ikashuka polepole kutoka mdomoni.

"Kwani nani amekufa?" akauliza.

Ngoma moja ilipiga tena kidogo kwa mazoea, ikanyamazishwa. Fahali pekee ndiye hakuona aibu yoyote. Alipita katikati ya watu, akakanyaga sukuma wiki yote ya Beldina, akaenda kumsimamia Mwalimu mbele, anapiga kwato chini, anangoja.

"Ni wewe!" Willis akalipuka, analia na kufoka kwa pamoja. "Ni wewe umekufa! Si ulisema hutaigusa hiyo kitu mpaka ujue?"

"Si nimejua!" Cornelius akasema. "Sista amezilinganisha zile picha. Doa halijasonga, halijakua hata kidogo. Ni kovu la ile mionzi ya zamani. Nirudi mwakani waniangalie tena, na kila mwaka. Nilifika, Mama Mitchel hayuko, na nilisema sipigi simu. Sasa ningefanya nini na hii furaha? Ningeila?"

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikaenda mpaka nje ya geti. Waliokuwa njiani bado wanakuja na majani ya chai na sukari ya matanga waliambiwa waingie tu, chai ni chai. Lakini Jescah alikuwa amesimama mikono kiunoni, kilemba kimeanguka, hajapendezwa.

"Mimi nimeshalia nusu, Mwalimu. Vitunguu vyangu vimeenda na mto. Hiyo nusu ingine nitaipeleka wapi?"

"Iweke," Cornelius akamwambia. "Nitaihitaji siku moja. Leo imba kitu kingine."

Jescah alifikiri, akaokota kilemba chake, na wimbo aliouanzisha ulikuwa wa harusi. Isukuti zikaudaka.

Beldina, ambaye watu walikuwa wamempita getini, alikuwa bado hajafika kwa mumewe. Alipitia katikati ya wachezaji, akasimama mbele yake, akampiga kofi zito begani kwa ajili ya ile siku nzima, kisha akaweka sikio lake kwenye kifua, upande wa kulia, mbele ya watu wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisikia moyo. Alisikia upepo unaingia na kutoka.

"Mama Mitchel, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mwakani naenda na wewe, soko au hakuna soko."

"Sawa."

"Sasa piga tena. Zile mbili za kwanza nilikuwa nimeshakuzika, sikuzisikia vizuri."

Cornelius akampa mkate aushike, akavuta pumzi, na Tingatinga akainua kichwa. Beldina aliuweka mkono wake mgongoni kwa mumewe ili auhisi ule upepo wote unavyotoka, akafumba macho, akangoja ivunjike.